Blaise Pascal: mtoto wa mkusanya kodi aliyeunda mashine ya hesabu

Kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Sikukuu, kalkuleta ya mezani haikosi kuwa kando ya kitabu cha risiti. Muuzaji anaibonyeza huku anaongea na mteja mwingine, wala haangalii vitufe. Nyingi za kalkuleta hizo zina nafasi ya tarakimu 12. Ukiipa hesabu ambayo jibu lake linahitaji tarakimu ya 13, inaandika herufi E kwenye kioo na kugoma mpaka uifute uanze upya.

Wapo wasikilizaji wetu waliotutumia ujumbe kuuliza: mashine inayojumlisha mabilioni kwa kufumba na kufumbua inashindwaje kuongeza moja tu? Na kuna waliouliza kwa nini simu, au kompyuta ya ofisi ya chama cha ushirika, inaweza kutoa jibu la hasi wakati wewe ulikuwa unajumlisha mali. Maswali hayo mawili yana mzizi mmoja, na njia nzuri ya kuufikia ni kumfuata mtu aliyefariki mwaka 1662. Jina lake ni Blaise Pascal, Mfaransa. Jina hilo utalisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari, na kwenye lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta.

Utoto bila shule

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, katikati ya Ufaransa. Mama yake, Antoinette, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 3. Baba, Étienne Pascal, alikuwa hakimu wa mahakama ya mambo ya kodi, mtu aliyependa hisabati. Hakuoa tena. Mwaka 1631 alichukua watoto wake watatu, Gilberte, Blaise na Jacqueline, wakahamia Paris.

Blaise hakupelekwa shule. Baba alimfundisha mwenyewe nyumbani, na alikuwa na mpango wake: kwanza lugha za Kilatini na Kigiriki, hisabati ingoje. Vitabu vya hisabati akavifungia kabatini. Dada mkubwa, Gilberte, aliyeandika habari za maisha ya mdogo wake, anaeleza kwamba mtoto akiwa na miaka 12 alikutwa sakafuni akichora duara na pembetatu kwa mkaa, akitafuta mwenyewe kanuni ambazo hakuna aliyemfundisha. Baba akasalimu amri na kumpa kitabu cha Euclid. Alipofika miaka 16 tayari alikuwa ameandika karatasi ya hisabati iliyochapishwa mwaka 1640 na kuwashangaza watu wazima.

Afya yake haikuwa nzuri tangu utotoni, na haikuwahi kuwa nzuri mpaka anakufa. Tunalitaja hili mapema kwa sababu kila alichokifanya alikifanya akiwa mgonjwa.

Mwaka 1638 mambo ya fedha yaliiingilia familia. Serikali ya Mfalme Louis XIII, ikiongozwa na Kadinali Richelieu, ilikuwa vitani na inahitaji pesa. Ikapunguza malipo kwa watu walioikopesha. Étienne alikuwa mmoja wa waliopoteza na mmoja wa waliolalamika hadharani, ikabidi akimbie Paris asikamatwe. Aliyemwokoa ni binti yake mdogo Jacqueline, ambaye mwaka 1639 alicheza katika mchezo wa kuigiza wa watoto mbele ya Richelieu, akamfurahisha, kisha akamwombea baba yake msamaha. Msamaha ukatolewa, na pamoja nao ukaja mzigo. Étienne akapewa kazi ya kusimamia kodi katika mji wa Rouen, jimbo la Normandy.

Kodi za Rouen

Hiyo haikuwa zawadi. Mwaka 1639 wananchi wa Normandy walikuwa wameasi kwa sababu ya kodi, hasa kodi ya chumvi. Waasi hao walijulikana kama watembea pekupeku. Jeshi liliuzima uasi, na Étienne akafika Januari 1640 kukuta hesabu za kodi zimevurugika, za miji na vijiji vyote zikitakiwa kupangwa upya.

Wafanyabiashara wa Kariakoo waliofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, wakilalamikia namna kodi inavyokadiriwa na kukusanywa, huenda wakaona kwamba jambo lao si geni duniani. Lakini sisi tunataka kumtazama upande wa pili wa meza, yaani yule anayezijumlisha hizo kodi. Étienne alikuwa akikesha mpaka saa nane usiku juu ya makaratasi, na mwanawe anakesha naye.

Tena fedha yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Livre 1 ilikuwa sawa na sol 20, na sol 1 sawa na denier 12. Wazee wetu wanaokumbuka shilingi ya Afrika Mashariki wataelewa nusu ya taabu hiyo, maana shilingi 20 zilikuwa pauni 1. Bahati yetu ni kwamba shilingi yetu iligawanywa kwa senti 100 tangu mwanzo. Karani wa Rouen alipojumlisha alipaswa kukumbuka kwamba safu moja inajaa ikifika 12, inayofuata inajaa ikifika 20, na zilizobaki zinajaa zikifika 10. Akisahau mara moja, kijiji kizima kinatozwa zaidi.

Mwaka 1642, Blaise akiwa na miaka 19, alianza kutengeneza mashine ya kumpunguzia baba yake kazi hiyo.

Gurudumu linalobeba moja

Sanduku lake lilikuwa la shaba, la kubebeka mkononi, urefu wake kama wa kasha la viatu au kidogo zaidi. Juu yake kuna magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Kila gurudumu ni safu moja ya hesabu: mamoja, makumi, mamia, na kuendelea. Unaingiza kijiti kwenye nafasi ya tarakimu unayotaka na kuzungusha gurudumu mpaka kijiti kigonge kizuizi, kama simu za zamani za kuzungusha. Jibu linatokea kwenye vidirisha vidogo juu.

Kuzungusha magurudumu si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kile mwalimu wa darasa la pili anachokiita kubeba moja. Gurudumu la mamoja likitoka 9 kurudi 0, lazima la makumi lisogee hatua moja lenyewe, bila mtu kuligusa. Na kama la makumi nalo lilikuwa kwenye 9, lazima lisukume la mamia. Mashine ikisoma 99,999 na ukaongeza 1, magurudumu yote yanatakiwa kusogea mfululizo kwa nguvu ya kidole kimoja. Pascal alitatua hilo kwa uzito mdogo uliokuwa ukinyanyuliwa taratibu kadiri gurudumu linavyozunguka. Likifika 9 kwenda 0, uzito unaachiwa, unaanguka, na unasukuma jirani. Kila gurudumu linatumia nguvu ya anguko lake lenyewe, kwa hiyo kidole hakielemewi.

Sasa hapa ndipo ulipo mzizi wa yale maswali. Mashine yenye magurudumu sita inafika 999,999. Ongeza 1. Mamoja yanarudi 0 na kusukuma makumi, makumi yanarudi 0 na kusukuma mamia, hivyo hivyo mpaka gurudumu la mwisho kushoto. Hilo nalo linarudi 0, linataka kusukuma jirani, na jirani hayupo. Moja inayobebwa inaangukia hewani. Vidirisha vinasoma 000,000. Mashine haijaharibika, wala haina namna ya kukuambia kwamba milioni imepotea.

Dereva yeyote aliyewahi kuendesha gari la zamani ameliona hili kwenye mita ya kilomita. Zile za tarakimu tano zikifika 99,999 zinarudi mwanzo, na gari kuukuu linaonekana kama limetoka kiwandani jana. Hata saa yetu ya Kiswahili inafanya hivyo mara mbili kila siku: saa kumi na mbili ikipita saa moja zaidi, hatusemi saa kumi na tatu. Wataalamu wa kompyuta wanauita mtindo huu kufurika kwa namba. Chombo kina ujazo wake, na kinachozidi kinamwagika.

Pascal aliujua mpaka huo, na alitengeneza mashine za ukubwa tofauti, nyingine za magurudumu matano, nyingine sita, nyingine nane. Alizotengeneza kwa ajili ya wahasibu zilikuwa na gurudumu la upande wa kulia lenye nafasi 12 kwa denier, na linalofuata lenye nafasi 20 kwa sol. Mashine zake hazikuweza kuzungushwa kinyumenyume, kwa hiyo kutoa kulifanywa kwa ujanja wa kujumlisha. Chini ya kila tarakimu kulikuwa na mwenzake wa kutimiza 9. Ukitaka 8 toa 3, unaweka 8 kwenye safu ya wenzake, ambapo safu ya kawaida inaonyesha 1. Unaongeza 3, inakuwa 4. Mwenzake wa 4 ni 5, na hilo ndilo jibu. Kompyuta za leo hutoa namba kwa ujanja wa ukoo huohuo, na tutauona mbele ukileta balaa.

Ilimchukua majaribio takribani 50 ya shaba, mbao na pembe. Mwaka 1645 aliikabidhi mashine moja kwa Chansela Pierre Séguier pamoja na maelezo yaliyokuwa nusu barua na nusu tangazo la biashara, akielekeza wanaotaka kuiona inavyofanya kazi wamwendee profesa Roberval, Paris. Na feki haikukawia. Fundi saa mmoja wa Rouen aliona, akatengeneza yake iliyong'aa nje na kupendeza, ila ndani haikuweza kuhesabu chochote. Pascal alikata tamaa akawaachisha kazi mafundi wake kwa muda. Mtu aliyenunua chaja Kariakoo ikafa siku ya pili atakuwa anatabasamu hapa. Mwaka 1649 alipata hati ya mfalme iliyompa yeye peke yake haki ya kuitengeneza na kuiuza.

Haikuuzika hata hivyo. Bei ilikuwa takribani livre 100, fedha nyingi mno, na karani angeweza kuajiriwa kwa muda mrefu kwa fedha hizo. Zilitengenezwa kama 20 tu.

Hewa, kamari na imani

Miaka iliyofuata ilikuwa na mengi, nasi tutayapita haraka. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, alipanda mlima Puy de Dôme karibu na Clermont akiwa na bomba la zebaki, kwa maelekezo ya Pascal. Kadiri alivyopanda zebaki ilishuka, ikathibitika kwamba hewa ina uzito na kwamba juu kuna hewa kidogo. Ndiyo maana kipimo cha mgandamizo wa hewa kinaitwa paskali. Kanuni yake nyingine, kwamba mgandamizo kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote, ndiyo inayofanya breki za mafuta na jeki za gereji kule Gerezani zifanye kazi.

Mwaka 1654 aliandikiana barua na mwanasheria Pierre de Fermat kuhusu mchezo wa kamari uliokatizwa katikati, dau ligawanywe vipi. Humo ndimo hisabati ya bahati nasibu ilipoanzia, na kampuni zinazopokea mikeka ya mpira wa miguu zinaishi kwa hisabati hiyo. Wanaojaza mikeka kwa kawaida hawaifahamu.

Baba alifariki mwaka 1651. Jacqueline aliingia utawa katika nyumba ya Port-Royal, na Blaise naye, usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, alipata tukio la kiimani lililombadilisha. Aliandika maneno ya usiku ule kwenye karatasi akaishonea ndani ya koti lake, na haikugunduliwa mpaka alipokufa. Aliandika vitabu vya dini vinavyosomwa mpaka leo. Wengi wanamjua kwa hayo tu, na mashine wameisahau.

Nauli ya sol tano

Jambo lake la mwisho lingemfaa mkazi wa Dar es Salaam kulisikia. Pamoja na rafiki yake, Mtawala wa Roannez, na wenzao wengine, Pascal alianzisha magari ya kukokotwa na farasi ya kubeba abiria Paris. Yalipita njia maalumu, yaliondoka kwa wakati hata kama hayajajaa, na nauli ilikuwa moja kwa kila mtu: sol tano. Safari ya kwanza ilifanyika tarehe 18 Machi 1662. Kila gari lilikuwa na viti vinane. Watu wa Paris wakayaita magari ya sol tano.

Kumbuka jina la daladala lilivyopatikana. Dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, na nauli ya magari ya watu binafsi, yaliyokuwa yakibeba abiria kwa kuiba kabla ya kuruhusiwa kisheria mwaka 1983, ilikuwa shilingi tano. Miji miwili, miaka 300 kati yake, na yote miwili ikauita usafiri wa umma kwa jina la nauli. Kwa kuondoka kwa ratiba, Pascal alikuwa karibu zaidi na mwendokasi kuliko daladala, ingawa abiria anayesubiri Gerezani saa kumi na moja jioni anaweza kutubishia.

Doa lilikuwepo. Bunge la mahakama la Paris liliwakataza askari, watumishi na vibarua kupanda. Watu walewale waliohitaji usafiri wa bei nafuu wakaachwa barabarani. Mradi ulidumu takribani miaka 15 kisha ukafa.

Pascal hakuona mwisho huo. Alikuwa ametaka faida yake iende kwa maskini. Katika kiangazi cha 1662 alikuwa amekaribisha familia maskini nyumbani kwake, mtoto wao mmoja akaugua ndui. Pascal, badala ya kuwatoa wagonjwa, alihama yeye akaenda kwa dada yake Gilberte. Alifariki huko tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39.

Lugha iliyopewa jina lake

Mwaka 1970 mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, alitoa lugha mpya ya kuandikia programu za kompyuta na kuipa jina la Pascal, kwa heshima ya yule kijana wa Rouen. Kwa miaka mingi vyuo vingi duniani viliwafundisha wanafunzi wao wa kwanza kwa lugha hiyo.

Kompyuta haina magurudumu yenye nafasi 10. Ina vijisehemu vinavyoitwa biti, kila kimoja kina nafasi mbili tu, 0 au 1. Lakini tabia ni ileile: idadi ya biti imepangwa mapema, na namba isiyotosha inamwagika. Katika aina za Pascal zilizotumika kwenye kompyuta ndogo za miaka ya 1980, namba kamili ya kawaida ilipewa biti 16. Biti 16 zinaweza kupangwa kwa namna 65,536. Nusu inapewa namba hasi, nusu inapewa sifuri na namba chanya. Kwa hiyo kubwa kuliko zote ni 32,767.

Na baada ya 32,767? Fikiria gurudumu la Pascal lenye tarakimu 0 mpaka 9. Tukubaliane kwamba 0 mpaka 4 ni namba za kawaida, na 5 mpaka 9 tunazisoma kama hasi 5 mpaka hasi 1. Ujanja huu unafanya kutoa kuwe kujumlisha, kama alivyotaka Pascal. Lakini ukiwa kwenye 4 na ukaongeza 1, gurudumu linasogea hatua moja tu, na wewe unasoma hasi 5. Kompyuta nayo, kama haijaambiwa ikague, ikitoka 32,767 inaruka kwenda hasi 32,768. Hapo ndipo msikilizaji wetu wa ushirika alipopata hasi wakati anajumlisha magunia.

Kwa shilingi zetu, 32,767 haifiki hata bei ya gunia la mahindi. Kwa hiyo waandishi wa programu walihamia biti 32, ambazo kubwa yake ni 2,147,483,647. Bilioni mbili na ushee. Inaonekana nyingi, na ilikuwa nyingi kweli. Mwaka 1966, shilingi ya Tanzania ilipoanza, dola 1 ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 7, kwa hiyo mpaka huo ulikuwa kama dola milioni 300. Kwa dola ya takribani shilingi 2,500, mpaka uleule haufiki dola milioni 1. Programu iliyoandikwa ng'ambo na mtu anayefikiria dola, ikaletwa Kariakoo kuhesabu shilingi, inaweza kujaa ndani ya mwaka mmoja wa duka la jumla. Na kama imeandikwa kutunza senti, kama nyingi zinavyofanya ili kuepuka desimali, mpaka unashuka kuwa shilingi milioni 21 na laki 4. Mzigo wa siku moja.

Hapa nyumbani kazi ya kwanza ya kompyuta ilikuwa ileile ya Rouen. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa ajili ya hesabu. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali maalumu. Leo risiti za kodi zinatoka kwenye mashine za EFD, zilizoanza kutumika mwaka 2010. Jumla za mauzo zinafikia mabilioni, kwa hiyo anayenunua programu ya duka ana haki ya kumuuliza muuzaji swali moja: jumla ikizidi bilioni mbili, inakuwaje? Akijibu kwa kucheka, tafuta mwingine.

Mipaka hii imewahi kuwagharimu wakubwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilijilipua chini ya sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu namba ya mwendo ilikuwa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyopangiwa. Mwaka 2014 YouTube ilibidi kuongeza ujazo wa hesabu yake ya watazamaji, wimbo wa Gangnam Style ulipokaribia kuvuka ile bilioni mbili na ushee.

Wirth, kwa maoni yetu, alilitendea suala hili haki kuliko wengi. Katika lugha yake mpaka una jina, maxint, na mwandishi wa programu anaweza kutangaza mapema kwamba namba fulani haitatoka nje ya 1 mpaka 31, au 1 mpaka 8 kama viti vya gari la sol tano. Ikivuka, programu inaweza kusimama na kupiga kelele badala ya kunyamaza. Tatizo ni kwamba ukaguzi huo unapunguza kasi kidogo, na wengi waliuzima.

Namba ya NIDA na simu yako

Siku hizi programu nyingi hutumia biti 64, ambazo kubwa yake ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo ni tarakimu 19. Bajeti ya serikali ya 2024/25, takribani Sh trilioni 49, inaingia humo bila kugusa ukingo, ingawa kalkuleta ya Kariakoo ya tarakimu 12 haiwezi kuiandika. Namba ya kitambulisho cha NIDA, kwa upande wake, ina tarakimu 20. Haiingii. Hata ukiondoa namba hasi na kutumia nafasi yote ya biti 64, mwisho ni 18,446,744,073,709,551,615, na namba ya mtu aliyezaliwa mwaka wowote wa elfu moja mia tisa inaanza na 19, kwa hiyo inauvuka.

Hili linawahusu makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa na wa vyama vya msingi vya mazao, wanaoandika orodha za wanachama kwenye jedwali la Excel, katika kompyuta au simu. Ukiingiza namba ya NIDA kama namba ya kawaida, Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo na kugeuza tano za mwisho kuwa sifuri, kimya kimya. Namba ya simu nayo inapoteza sifuri ya mbele. Orodha ikipelekwa kwingine, mkulima anaambiwa kitambulisho chake hakionekani, na malipo yanangoja. Dawa ni kuiambia safu nzima kwamba ni maandishi kabla hujaanza kuandika. Ukiibadilisha baadaye, zile tarakimu tano hazirudi. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haitolewi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuifanya namba.

Na lipo gurudumu moja la mwisho linaloendelea kuzunguka. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ile ya zamani inaziweka kwenye biti 32. Gurudumu hilo litajaa Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitasoma Desemba 1901. Simu mpya nyingi zimeshahamia biti 64. Vifaa vya zamani vilivyofungwa kwenye mashine na kusahaulika ndivyo mafundi wanavyovitafuta sasa, na muda wa kuvipata bado upo.